Mahindi na Mbaazi: Hesabu Iliyotusomesha

Ndugu wana-Babati, wengi wetu tunaosoma kijarida hiki tukiwa mjini tulilipiwa ada na shamba moja lenye mavuno mawili. Mahindi yalivunwa kwanza, yakawa chakula. Mbaazi zilibaki zimesimama katikati ya mabua, zikakomaa baadaye, zikawa sare, madaftari na nauli.

Historia hii haikunyooka. Mwaka 1974 ilikuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kisha Mradi wa Taifa wa Mahindi. Ushauri wa wakati ule ulikuwa mahindi peke yake, mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Wazee waliochanganya mazao walionekana wamepitwa na wakati. Miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa na mbolea ikapanda bei. Hapo mbaazi ikaonekana thamani yake. Vinundu vya mizizi yake hukamata naitrojeni ya hewani, majani yake hupukutika na kurutubisha udongo, na kwa kuwa hukua polepole mwanzoni, haiyabani mahindi. Soko la India nalo likafunguka. Watafiti wa Selian, Arusha, pamoja na ICRISAT, wakatoa mbegu inayostahimili mnyauko, ikaitwa Mali.

Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei ikaporomoka. Wazazi wakatupigia simu kuuliza kama waache kupanda. Sisi wenye vyeti vya uhasibu tukajibu: acheni. Tulikosea. Tulihesabu magunia yaliyokosa mnunuzi tu. Hatukuhesabu mbolea ambayo mama hakulazimika kununua, kuni za mashina yake, wala mbaazi mbichi zilizokuwa mboga ya nyumbani. Eka ya mahindi peke yake ina mstari mmoja wa mapato; mvua ikikatika mapema, hakuna wa pili.

Mwaka 2021 India ilipofungua tena, waliotunza mbegu waliuza. Waliotusikiliza sisi walikuwa wakitafuta mbegu.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba michango kwa mambo mawili: ghala, ili mazao yasubiri bei, na mashine ya kukoboa mbaazi, ili tuuze hapa nchini pia na tusimtegemee mnunuzi mmoja. Mashamba ya nyumbani yanazidi kugawanywa na eka haziongezeki. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tuijaze kabla ya mvua za masika.