Mawimbi ya Ocean Beach (San Francisco)

Ocean Beach ni ufuko wa mchanga upande wa magharibi wa jiji la San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani. Unatazama Bahari ya Pasifiki moja kwa moja na una urefu wa kilomita 5.6 hivi. Unajulikana kwa mawimbi makubwa, maji baridi, ukungu na mikondo ya hatari.

Mawimbi ya hapo huvunjika juu ya mafungu ya mchanga yanayohamahama, si juu ya mwamba usiosogea. Kwa hiyo anayetabiri hali ya ufuko huu hana budi kuunganisha mambo manne: dhoruba za mbali, upepo wa mahali, kujaa na kupwa kwa maji, na umbo la sakafu ya bahari. Kimo cha mawimbi peke yake hakitoshi kuonyesha kama siku ni njema au ni ya hatari.

Mahali

Ufuko unaanzia kwenye majabali ya Cliff House upande wa kaskazini, unapita mbele ya bustani ya Golden Gate Park na mtaa wa Sunset, hadi karibu na Fort Funston upande wa kusini. Ni sehemu ya Golden Gate National Recreation Area, eneo linalosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani. Sambamba nao kuna barabara ya Great Highway. Sehemu yake ilifungwa kwa magari na mwaka 2025 ikawa bustani ya umma iitwayo Sunset Dunes.

Kaskazini kidogo mwa ufuko kuna mlango-bahari wa Golden Gate, wenye upana wa kilomita 1.6 hivi pale ulipo mwembamba. Maji ya Hori ya San Francisco hupita humo kila yanapojaa na kupwa, na kasi yake inaweza kuzidi mita 2 kwa sekunde. Mchanga unaobebwa na maji hayo hutua nje ya mlango na kufanya fungu kubwa lenye umbo la nusu duara. Mawimbi yanayopita juu ya fungu hilo hupinda, hata nguvu zake hukusanyika zaidi katika sehemu fulani za ufuko. Ndiyo sababu siku hiyohiyo mawimbi ya sehemu moja yanaweza kuwa makubwa kuliko ya sehemu nyingine iliyo umbali wa kilomita moja tu.

Mawimbi yanakotoka

Mawimbi huzaliwa na upepo. Ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na umbali wa bahari unaovuma juu yake. Mawimbi yakishatoka nje ya dhoruba hujipanga na kusafiri maelfu ya kilomita bila kuhitaji upepo tena.

Katika majira ya baridi mawimbi ya Ocean Beach hutoka hasa kaskazini-magharibi, katika dhoruba za Ghuba ya Alaska, Visiwa vya Aleuti na bahari iliyo mashariki mwa Japani. Katika majira ya joto mawimbi madogo zaidi hufika kutoka kusini. Hayo huzaliwa na dhoruba za nusutufe ya kusini, karibu na New Zealand, ambako wakati huo ni majira ya baridi.

Mawimbi marefu husafiri kwa kasi kuliko mafupi. Kundi la mawimbi ambalo vilele vyake hupishana kwa sekunde 16 huenda kilomita 45 hivi kwa saa katika kina kirefu. La sekunde 10 huenda kilomita 28 hivi. Hivyo mawimbi ya sekunde 16 kutoka dhoruba iliyo umbali wa kilomita 4,000 hufika baada ya siku tatu na nusu au zaidi kidogo, na yale mafupi hufuata baadaye. Mawimbi kutoka karibu na New Zealand huchukua siku nane hadi kumi. Mpangilio huo humsaidia mtabiri, kwa sababu dhoruba huonekana kwa setilaiti siku kadhaa kabla ya mawimbi yake kugusa pwani.

Kimo na kipindi

Taarifa za mawimbi hutoa namba mbili kuu. Ya kwanza ni kimo, yaani wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Kwa kuwa ni wastani, mawimbi machache huupita, na moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo kilichotajwa.

Namba ya pili ni kipindi, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Wasomaji wengi huiruka namba hii, ilhali ndiyo inayoeleza zaidi nguvu ya bahari. Katika kina kirefu wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 16 lina mita 400 hivi. Mawimbi mawili yakiwa na kimo sawa cha mita 2, lile la sekunde 16 hubeba nishati mara mbili ya lile la sekunde 8. Tena wimbi refu huanza kugusa sakafu ya bahari mbali zaidi na pwani, hupinda zaidi, na huinuka zaidi kabla ya kuvunjika.

Mwelekeo wa mawimbi, kama ule wa upepo, hutajwa kwa upande yanakotoka. Mawimbi ya kaskazini-magharibi ni yale yanayotoka huko, si yanayokwenda huko.

Mafungu ya mchanga

Wimbi huvunjika linapofika kwenye maji yenye kina cha mara 1.3 hivi ya kimo chake. Kwa hiyo wimbi la mita 1 huvunjika penye kina cha mita 1.3, na la mita 3 huvunjika mbali zaidi, penye kina cha karibu mita 4. Penye fungu la mchanga wimbi huvunjika mapema. Penye mfereji kati ya mafungu hupita bila kuvunjika. Mawimbi mazuri kwa mchezo wa kuteleza ni yale yanayovunjika polepole kutoka upande mmoja wa fungu kwenda mwingine. Fungu likinyooka sambamba na ufuko, wimbi zima huanguka kwa pamoja kama ukuta.

Dhoruba za majira ya baridi huvuta mchanga kutoka ufukoni na kuupeleka kwenye mafungu ya nje. Mawimbi madogo ya majira ya joto huurudisha. Mwanzoni mwa 2010, wakati wa El Niño, mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi cha kuharibu sehemu ya kusini ya Great Highway. Mahali palipokuwa na mawimbi mazuri wiki iliyopita panaweza kuwa na mfereji mtupu wiki hii, na hakuna modeli ya kawaida ya utabiri inayofuatilia mabadiliko hayo siku kwa siku.

Upepo na maji

Upepo mwepesi wa mashariki, yaani utokao nchi kavu, hushikilia uso wa wimbi na kulifanya livunjike kwa unadhifu. Upepo wa kutoka baharini hubomoa vilele mapema na kuvuruga uso wa maji. Kwa kawaida upepo huwa mtulivu asubuhi mapema, kisha upepo wa bahari huongezeka kadiri nchi kavu inavyopata joto.

Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini kujaa kwa pili hakulingani na kwa kwanza. Maji yakijaa sana, mawimbi madogo hupita juu ya mafungu na kuvunjika karibu kabisa na ufuko. Yakipwa sana, mawimbi huanguka ghafla juu ya mchanga wenye maji haba. Wakati wa bamvua tofauti hizo huwa kubwa zaidi, na mkondo wa Golden Gate huongeza mvuto wake kwenye sehemu ya kaskazini ya ufuko.

Hali kwa majira

- Septemba hadi Novemba: Mawimbi ya kaskazini-magharibi huanza kufika, upepo wa mashariki huvuma mara nyingi zaidi, na ukungu hupungua. Wachezaji wengi huhesabu miezi hii kuwa bora.
- Desemba hadi Februari: Mawimbi hufikia ukubwa wake wa juu. Mara nyingi huzidi mita 3, na baada ya dhoruba kali huweza kupita mita 6. Mvua na upepo wa kusini huja pamoja na dhoruba zinazofika pwani.
- Machi hadi Mei: Upepo mkali wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina kirefu hupanda kushika nafasi yake. Joto la maji huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi.
- Juni hadi Agosti: Mawimbi ni madogo na ukungu ni mwingi, kwa sababu hewa yenye unyevu hupoa inapopita juu ya maji hayo baridi.

Jinsi utabiri unavyofanywa

Kazi huanza na modeli za hali ya hewa zinazokadiria upepo juu ya bahari yote. Matokeo yake huingizwa katika modeli za mawimbi, kama vile WAVEWATCH III ya shirika la NOAA la Marekani. Modeli husahihishwa kwa vipimo vya setilaiti na vya maboya. Boya namba 46026, lililoko kilomita 33 hivi magharibi mwa San Francisco, hupima kimo na kipindi cha mawimbi. Mawimbi marefu yakipita hapo, hufika ufukoni kwa muda wa saa moja hivi.

Utabiri wa mawimbi kutoka dhoruba iliyokwisha kuonekana huwa na uhakika mzuri. Ule wa dhoruba ambayo bado haijatokea, yaani wa zaidi ya wiki moja mbele, ni wa kukisia. Jambo gumu zaidi ni upepo wa mahali, ambao unaweza kugeuka kwa saa chache.

Mfano ufuatao si wa tarehe halisi. Siku ya kwanza taarifa inasema: mita 2, sekunde 8, upepo mkali wa kaskazini-magharibi. Bahari itaonekana chafu na yenye povu, na watu wachache watavutiwa nayo. Siku ya pili inasema: mita 2, sekunde 17, upepo mwepesi wa mashariki, jua. Siku hii ya pili huonekana nzuri, lakini ndiyo yenye nguvu zaidi majini. Mawimbi marefu huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kutulia kwa dakika nyingi. Mgeni akifika wakati wa utulivu huo hudhani kwamba hakuna hatari.

Hatari na usalama

Watu wamekufa maji Ocean Beach mara nyingi, na baadhi yao hawakukusudia kuogelea bali walikuwa wanatembea au kulowesha miguu. Hatari kuu ni tatu.

Ya kwanza ni mikondo ya kurudi baharini. Maji yanayosukumwa ufukoni na mawimbi hurudi kupitia mifereji kati ya mafungu, na mkondo kama huo unaweza kufikia kasi ya mita 2.4 kwa sekunde, ambayo hakuna mwogeleaji anayeweza kuishinda. Mara nyingi mahali pake ni pale panapoonekana patulivu, kwa kuwa mawimbi hayavunjiki kwenye mfereji. Aliyekamatwa hushauriwa asishindane na mkondo. Aelee, apunge mkono kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mfereji.

Ya pili ni mawimbi ya ghafla yanayopanda ufukoni kupita mengine yote. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa tahadhari maalumu siku zenye hatari hiyo, na hushauri watu wasiipe bahari mgongo. Ya tatu ni baridi. Anayetumbukia ghafla kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 15 hushtuka na kuvuta pumzi bila kutaka, na baada ya dakika chache mikono hupoteza nguvu.

Historia

Utabiri wa mawimbi kwa njia ya kisayansi ulianza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Harald Sverdrup na Walter Munk wa taasisi ya Scripps huko California walibuni namna ya kukadiria mawimbi kutokana na upepo, ili majeshi yajue siku ya kushuka ufukoni. Njia hiyo ilitumika kwa kushuka Normandy tarehe 6 Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake walifuatilia mawimbi kutoka bahari ya kusini hadi Alaska kwa vituo vilivyopangwa katika Pasifiki.

Mwaka 1952 Jack O'Neill alifungua duka karibu na Ocean Beach na kuanza kuuza mavazi ya mpira yaliyowawezesha watu kustahimili maji baridi. Mwandishi William Finnegan alieleza mawimbi ya hapo katika kitabu chake Barbarian Days (2015), kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2016.

Ulinganisho na Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina matumbawe yanayovunja mawimbi mbali na ufuko, hivyo maji ya ndani huwa matulivu kuliko ya Ocean Beach. Hata hivyo kanuni ni zilezile. Wakati wa kusi upepo na mawimbi huongezeka, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vitatu vya onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Maonyo hayo hutaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi, kwa kawaida upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ambayo ni hatari kwa wavuvi wa vyombo vidogo.