Kufuli Lilivyohamia Ndani ya Boksi

Boksi la Android la televisheni limeandikwa 4K, televisheni ni ya 4K, intaneti haikwami, lakini Netflix inaleta picha ya 480p, ubora wa enzi za DVD. Wengi hulaumu intaneti. Tatizo liko kwenye kufuli la kuzuia filamu zisinakiliwe, ambalo limekuwa likihamahama kwa takriban miaka 40.

Mwaka 1985 filamu ya The Cotton Club ilitolewa kwenye kanda ya video ikiwa na kinga ya Macrovision, na ilikuwa kazi ya werevu kwelikweli. Katika mistari ya mawimbi isiyoonekana kwenye kioo yaliingizwa mapigo makali ya umeme. Televisheni haikuyajali. Deki ya kurekodi, ambayo hupima nguvu ya mawimbi ili ijirekebishe, ilidanganyika, na nakala ikatoka na picha inayong'aa na kufifia ovyo.

DVD zilikuja na kufuli la kidijitali, CSS. Programu ya DeCSS ililivunja mwaka 1999. Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, alishtakiwa kwa programu hiyo. Mahakama mbili zikamwachia huru mwaka 2003, kwani mtu ana haki ya kutazama diski aliyoinunua. Nadhani zilihukumu vyema.

Wenye filamu wakaligeukia boksi lenyewe. Mwaka 2010 Google ilinunua Widevine, kampuni ya Seattle yenye kufuli la video za mtandaoni. Katika ngazi ya L1 ya kufuli hilo, video hufunguliwa ndani ya sehemu ya chipu iliyotengwa, ambayo hata Android haiwezi kuichungulia. Katika L3 kazi yote inafanywa na programu tu, ambayo ni rahisi kuchokonolewa, ndiyo maana picha hupunguzwa ubora. Tena L1 pekee haitoshi: Netflix huidhinisha kila modeli kivyake, na maboksi mengi ya bei nafuu hayajapita huko.

Kenya na Tanzania zilipata Netflix Januari 2016, kampuni hiyo ilipofungua huduma katika nchi 130 kwa mpigo, na tatizo hili la maboksi likaja nayo. Kiwanda kinajua ngazi ya boksi kabla halijafungashwa. Kuchapa 4K kwa herufi kubwa na kuinyamazia L3 ni kumnyima mnunuzi haki yake. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aliwashe, afungue programu ya DRM Info, na usome mwenyewe kama ni L1 au L3.