UZI: Kigoda cha utafiti kikilipiwa na mgeni, sayansi inakuwa ya nani?

1/ Hii hoja hurudi kila msimu wa siasa. Mmoja anasimama jukwaani: "Vyuo vyetu vimeuzwa kwa wafadhili!" Mwingine anajibu: "Bila wafadhili hakuna utafiti hapa." Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Kabla hujachagua upande, twende kwa historia kidogo.

2/ Kwanza, kigoda cha utafiti ni nini? Ni nafasi ya profesa inayolipiwa kwa miaka kadhaa ili achimbe jambo moja hadi mwisho. Ndani yake kuna vifaa vya maabara na pesa za kusomesha wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha chao mwaka 2008, walikiita kigoda. Jina tamu, tulichukue.

3/ Tofauti na mradi wa kawaida ni hii: mradi ukiisha, gari linarudishwa na watu wanatawanyika. Kigoda kikifanya kazi yake, kinaacha watu. Kumbuka hilo neno, watu. Tutalirudia.

4/ Chuo Kikuu cha Nairobi kilijitegemea rasmi mwaka 1970. Mwaka huo huo mwanasayansi wetu, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu. Pesa nyingi zilitoka nje. Lakini wazo lilikuwa la Odhiambo, na swali lilikuwa la mkulima wa hapa: wadudu wanaokula mimea na mbung'o wanaoua ng'ombe.

5/ Mwaka 1980, mkuu wa idara ya mikrobiolojia ya tiba hapo Nairobi, Profesa Herbert Nsanze, alitaka msaada kuhusu ugonjwa wa zinaa uliokuwa ukiwasumbua wagonjwa wake. Akaja Allan Ronald kutoka Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Angalia mpangilio: sisi tulikuwa na swali, wao wakaja na ujuzi na pesa.

6/ Mwaka 1985 kikundi hicho, akiwemo Frank Plummer, kilipima wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Nairobi. Karibu theluthi mbili walikuwa na HIV. Dunia ilishtuka. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi wetu, ndiye aliyejenga imani na wale akina mama hadi wakajipanga wenyewe kujikinga. Bila yeye na bila wao, maabara ingekuwa chumba tu.

7/ Baadaye ikaonekana kuna wanawake wachache pale Majengo ambao hawakuambukizwa, miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo matumaini ya chanjo yalipopata nguvu. Mwaka 2001 jaribio la kwanza la chanjo ya HIV nchini likaanza Nairobi, kwa ushirikiano na Oxford. Chanjo ile haikufaulu. Lakini maabara na wataalamu walibaki.

8/ Ubaya uko wapi? Kabla hata sindano ya kwanza kuchomwa, kulizuka mvutano. Uingereza walikuwa wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwaweka wanasayansi wa Nairobi. Damu ya Majengo, jasho la Nairobi, karatasi ya kwingine. Ilibidi kelele zipigwe ndipo watu wakae chini kuzungumza upya. Kwa hivyo anayesema "tunaibiwa" hajaota tu.

9/ Lakini pia angalia Kisumu. Utafiti kuhusu tohara ya wanaume, ulioongozwa na wataalamu wa Kenya, Marekani na Kanada, ulisimamishwa mapema Disemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa HIV kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Pesa zilitoka nje, ndiyo. Maisha yaliyookolewa ni ya hapa.

10/ Sasa tujiangalie wenyewe. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia MBILI. Hatujawahi kufika hapo. Serikali zimebadilika, bajeti zimesomwa, na pengo liko pale pale. Hii ni sheria yetu, hakuna mzungu aliyetuzuia kuitekeleza.

11/ Majirani je? Afrika Kusini na Kanada zilianzisha vigoda vya utafiti katika nchi saba za Afrika kupitia mabaraza ya utafiti ya nchi husika. Uganda imo, Tanzania imo. Sisi hatumo. Na hapo pesa nyingine zinatoka Afrika yenyewe. Mfadhili si lazima awe Ulaya.

12/ Halafu ikaja Januari 2025. Marekani ikasimamisha misaada ya nje na tafiti nyingi barani, zikiwemo za chanjo ya HIV, zikakwama. Uamuzi wa siku moja kwa ofisi ya mbali. Cha kuazima hakisitiri matako, wazee walisema.

13/ Kwa hivyo "pesa ya nje ni mbaya au nzuri?" si swali la kutusaidia. Mwanasiasa akipanda jukwaani na hii hoja, muulize haya manne:
– Nani alichagua swali la utafiti?
– Matokeo na hataza ni vya nani?
– Wanafunzi wetu wangapi watasomeshwa hapo?
– Mfadhili akiondoka, bajeti gani itamlipa yule profesa?

14/ Akijibu la nne kwa kutaja kifungu cha bajeti na kiasi, msikilize. Akijibu kwa matusi kwa mabeberu au sifa kwa wafadhili, jua hajasoma.

15/ Nsanze hakuuza chuo alipoita wageni. Alikuwa na swali lake mkononi. Tukikosa swali letu na shilingi yetu, tutakalia kigoda cha mtu, na mwenye kigoda akitaka kuondoka huondoka nacho.

Mwisho wa uzi. Una hoja ya kupinga? Weka hapa chini, bila kutaja chama.