Mkristo, kura na chama: Funzo la mlolongo kwa waumini wa Mulot

MULOT ni kituo cha biashara kwenye barabara kuu ya kutoka Narok kwenda Bomet, karibu na Mto Amala unaotiririka hadi Mto Mara. Ukipanda kutoka hapo kuelekea magharibi unaingia katika nchi ya majani chai ya Bomet na Kericho; ukirudi mashariki unaingia Narok. Mpaka wa kaunti mbili unapita eneo hilo, hivi kwamba majirani wanaouziana mahindi na mifugo huchagua magavana tofauti. Hata Wakatoliki wamegawanywa na mpaka huo: Bomet iko chini ya Jimbo la Kericho, nayo Narok iko chini ya Jimbo la Ngong.

Pamoja na hayo, soko ni moja, na Jumapili wafuasi wa vyama mbalimbali huketi kwenye benchi moja kanisani. Ndiyo sababu maswali ambayo kwingine huonekana kuwa ya wasomi, hapa ni ya maisha ya kila siku. Je, ni halali kwa mwumini kushiriki siasa? Je, ajiunge na chama? Na je, mchungaji ana haki ya kumwelekeza ampigie nani kura? Historia ya eneo hili na ya taifa imeyajibu maswali hayo zaidi ya mara moja, na mara nyingine kwa gharama kubwa.

Chimbuko la tahadhari

Ukristo wa Kiprotestanti katika nchi ya Wakipsigis ulianza kuota mizizi mwaka 1905, wakati mmishonari Mmarekani Willis Hotchkiss alipoanzisha misheni karibu na Kericho. Katika miaka ya 1930 wamishonari wa World Gospel Mission waliiendeleza kazi hiyo na kufungua kituo cha Tenwek, Bomet, ambacho leo kinajulikana kwa hospitali yake. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa kanisa la Africa Gospel Church. Kanisa la Africa Inland Church (AIC) nalo lilijikita Litein, huku Wakatoliki wakijenga misheni na shule zao.

Mafundisho ya utakatifu yaliyoletwa na wengi wa wamishonari hao yalisisitiza wokovu wa mtu binafsi na kujitenga na mambo ya dunia. Kwa waumini wengi siasa iliwekwa katika kapu hilo la mambo ya dunia, pamoja na pombe na ugomvi. Tahadhari hiyo haikukosa msingi, kwa kuwa siasa ina hongo, matusi na uongo. Lakini ilizaa tabia moja yenye madhara: wacha Mungu hukaa pembeni wakati wa kuteua viongozi, kisha hulalamika kwa miaka mitano kwamba viongozi hawamchi Mungu.

Kaisari ni nani?

Wanaotaka mwumini atii bila kuuliza hutegemea sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambayo inafunza kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Wanaotaka apinge hutaja sura ya 5 ya Matendo ya Mitume, ambapo Petro na wenzake walikataa amri ya baraza kwa kuwa Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza. Baina ya hayo mawili kuna jibu la Yesu kuhusu kodi, kwamba Kaisari ana yake na Mungu ana yake.

Wakristo wa Roma hawakumchagua Kaisari wao. Mkenya anaishi chini ya mpango mwingine. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2010 inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, nayo Ibara ya 38 inampa kila raia uhuru wa kufanya maamuzi ya kisiasa, ukiwemo wa kuunda chama au kushiriki shughuli zake. Kwa maneno mengine, sehemu ya kiti cha Kaisari inakaliwa na mpiga kura mwenyewe. Kumtii Kaisari katika nchi kama hii ni pamoja na kutekeleza wajibu wa kuchagua.

Vigezo vya kuchagua havijakosekana pia. Katika sura ya 18 ya Kutoka, Yethro alimshauri Musa ateue watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli na wasiopenda mapato ya dhuluma. Katika orodha hiyo Yethro hakutaja ukoo wala wingi wa sadaka.

Si Wakristo wote wanaoafikiana katika jambo hili. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawapigi kura kwa sababu ya imani yao, na sheria ya Kenya haimlazimishi mtu kupiga kura.

Mlolongo wa 1988

Mgogoro mkubwa zaidi wa imani na kura nchini Kenya ulitokana na upigaji kura wa mlolongo. Mwaka 1986 KANU, iliyokuwa chama pekee halali, iliamua kwamba katika mchujo wa chama wapiga kura watapanga foleni nyuma ya mwaniaji au wakala aliyebeba picha yake. Aliyepata asilimia 70 au zaidi angehesabiwa kuwa amepita bila kupingwa.

Agosti mwaka huo wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) waliupinga utaratibu huo. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa. Mchungaji hulisha kundi lenye watu wa kila upande. Akisimama hadharani nyuma ya mwaniaji mmoja, waumini waliosimama kwenye foleni nyingine watamwona kuwa mpinzani wao. Asiposimama, amepoteza haki yake ya uraia. Vivyo hivyo kwa mkulima anayesimama mbele ya chifu, mwajiri au mkopeshaji wake.

Makanisa hayakuwa na msimamo mmoja. AIC, kanisa ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa mwumini wake, lilijiondoa katika NCCK kutokana na mgogoro huo. Kwa upande mwingine, maaskofu wa Kianglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, pamoja na Kasisi Timothy Njoya wa kanisa la Presbiteri, waliendelea kukosoa. Msimamo wa Askofu Muge wa Eldoret ulikuwa na uzito wa pekee katika Bonde la Ufa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa Mkalenjin, kama Rais. Alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 14, 1990 akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumtishia hadharani asikanyage huko.

Mchujo wa Februari 1988 ulithibitisha hofu ya wakosoaji. Katika maeneo kadhaa, waliokuwa na foleni fupi walitangazwa washindi. Gazeti la NCCK lililoitwa Beyond lilipoandika kuhusu wizi huo lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Desemba 1990 KANU iliuacha mlolongo, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Kura ya siri, ambayo Uingereza iliipitisha mwaka 1872, ililetwa ili kumkinga mpangaji dhidi ya mwenye shamba na mfanyakazi dhidi ya mwajiri. Kwa Mkristo ina faida nyingine: inamruhusu kufuata dhamiri yake bila kuvunja ushirika na jirani yake. Mchungaji naye anaweza kupiga kura na bado akabaki mchungaji wa wote.

Vyama hupita, kanisa hubaki

Katika chaguzi za urais za 1992, 1997 na 2002, wapiga kura wengi wa Kericho na Bomet walikuwa upande wa KANU. Mwaka 2007 waliunga mkono ODM. Mwaka 2013 walikuwa URP, mwaka 2017 Jubilee, na mwaka 2022 UDA. Katika miaka 30 eneo hili limehama chama kimoja hadi kingine mara nne, na kila mara kulikuwa na waliosema kwamba kukiacha chama cha wakati huo ni usaliti. Waliotukanana kwa ajili ya KANU na ODM baadaye walijikuta pamoja katika Jubilee.

Chama, basi, ni chombo cha safari. Mwumini anaweza kukipanda bila kukiabudu, na anaweza kushuka. Hata hivyo, kujitenga kabisa na vyama kuna hasara. Pale ambapo chama kimoja kina nguvu kupita vingine, mara nyingi mshindi hupatikana katika mchujo, miezi kadhaa kabla ya siku ya uchaguzi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inampa mwanachama aliyesajiliwa nafasi katika mchujo, haimruhusu kuwa katika vyama viwili, na inamwezesha kujiuzulu kwa barua. Anayeona chama kuwa najisi huwaachia wengine uamuzi ulio muhimu zaidi.

Gharama ya kuegemea upande

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulionyesha kinachotokea kanisa likigeuka tawi la chama. Viongozi wa dini waligawanyika, wengi wao wakifuata jamii zao, na baadhi walibariki wawaniaji hadharani. Ghasia zilipozuka, wachache walibaki ambao pande zote mbili zingeweza kuwasikiliza. Januari 1, 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, eneo la Chebilat, Wakipsigis na Wakisii walipigana, ilhali pande zote mbili zilikuwa na Wakristo. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini.

Februari 2008 NCCK iliomba radhi kwa umma, ikikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na kwa hiyo wakakosa sauti moja.

Kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 ilileta funzo tofauti. Makanisa mengi yalipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ilipiga kura ya La. Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67. Waliokuwa wameshindwa walikubali matokeo, na leo hutetea haki zao kwa Katiba hiyo hiyo. Katika kura ile kanisa lilitetea hoja bila kumfanyia kampeni mwaniaji, na lilikubali kushindwa.

Mimbari na bahasha

Tangu wakati huo mjadala umehamia kwenye fedha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubu kwenye mimbari za kanisa lake. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais William Ruto na wanasiasa wengine katika parokia moja ya jiji. Makanisa mengine yameendelea kupokea michango ya aina hiyo, yakisema kwamba mwanasiasa naye ni mwumini mwenye haki ya kutoa sadaka.

Sheria ina mipaka yake. Ibara ya 8 ya Katiba inasema hakuna dini ya serikali, na Ibara ya 91 inakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini au kabila. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha kuhonga wapiga kura, na pia kuwashurutisha kwa vitisho vya madhara, yakiwemo ya kiroho. Mhubiri anayewaambia waumini kwamba watalaaniwa wasipomchagua fulani anajiweka katika hatari ya kuvunja sheria. Kwa Wakatoliki, sheria za Kanisa humkataza padri kushika wadhifa wa utawala wa umma.

Kutokana na yote hayo, mpaka unaweza kuchorwa bila ugumu mwingi. Kanisa lina haki, hata wajibu, wa kufundisha juu ya hongo, uongo, ukabila na haki ya maskini, na kumkosoa anayetawala. Halina haki ya kumpigia mwumini kura yake. Mwumini naye ana uhuru wa kujisajili, kuingia chama, kuwania kiti na kukataa bahasha.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano; ujao umepangiwa Agosti 10, 2027. Jumapili itakayofuata, watu wa Mulot waliochagua tofauti wataketi tena kwenye benchi zile zile. Ikiwa watapeana mikono kwa moyo mweupe, hiyo itategemea yaliyosemwa kwenye mimbari kabla ya siku hiyo.