Vipande Vinavyokubaliana: Historia ya Kuunga Bunduki Nyumbani Marekani

Nchini Marekani, mtu asiyewahi kufua chuma maishani mwake anaweza kununua mtutu kwa muuzaji mmoja, kitako kwa mwingine na mtambo wa kufyatulia kwa wa tatu, akaviunga mezani nyumbani kwake, na kufikia jioni akawa na bunduki nzima. Wapo wengi wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, na bunduki ya kwanza mtu aliyoiunga mwenyewe huwa haiuzwi. Fahari yao naielewa. Lakini kazi ngumu ilikwisha kufanywa kabla hata babu zao hawajazaliwa, na watu waliotumia karibu miaka sabini kutafuta jibu la swali moja: vipi kipande cha chuma kilichotengenezwa na mkono mmoja kitakaa sawasawa pembeni ya kipande kilichotengenezwa na mkono mwingine?

Katika karne ya 18, swali hilo halikuwa na jibu. Pennsylvania, hasa sehemu za Lancaster, mafundi wahamiaji wa Kijerumani na Kiswisi walitengeneza bunduki ndefu ambazo mpaka leo ni fahari ya makumbusho. Ubapa wa chuma ulipashwa moto na kukunjwa kuzunguka ufito wa chuma, ukafuliwa kipande kwa kipande mpaka kingo zikashikana. Ndipo ulipopekechwa ndani, ukanyooshwa kwa jicho, na kukatwa mifuo inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha. Kitako kilichongwa kwa mti wa mepo. Mtambo wa gumegume mara nyingi uliagizwa kutoka Uingereza au Ujerumani, lakini hata huo ulilazimika kupigwa tupa mpaka ukubaliane na bunduki yake. Skrubu ilijua tundu lake peke yake. Ikipotea msituni, mwindaji alikuwa na safari ya kumrudia fundi.

Kwa mwindaji ule ulikuwa usumbufu. Kwa jeshi ulikuwa msiba, kwa sababu bunduki zilizovunjika zililundikana ghalani zikisubiri mafundi, na mtambo mzima wa bunduki iliyopasuka mtutu haukuweza kuokoa bunduki nyingine.

Wafaransa ndio waliolishika jambo hili kwa uzito kwanza. Jenerali Gribeauval alikwisha kusawazisha vipimo vya mizinga, na fundi Honoré Blanc akajaribu mambo hayo hayo kwenye mitambo ya bunduki. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris, alikwenda kumwona. Akamwandikia John Jay tarehe 30 Agosti mwaka huo: alipewa vipande vya mitambo 50 vilivyotenganishwa, akaokota chochote kilichomjia mkononi, akaunga mitambo kadhaa mwenyewe, na yote ikakaa. Jefferson alikuwa mwanasheria na mkulima, hakuwa fundi bunduki. Kwa macho yangu huyo ndiye babu wa wapenzi wote wa leo: mtu asiye na ufundi anaunga kwa mikono yake kitu ambacho mwaka mmoja nyuma kingehitaji fundi aliyekaa uanagenzini miaka. Ufaransa yenyewe baadaye iliuacha mpango huo. Mbegu ilivuka bahari.

Vitabu vingi vya shule vya Marekani viliwahi kumpa Eli Whitney sifa yote iliyofuata. Mwaka 1798 alipata mkataba wa kutengeneza bunduki 10,000 kwa miaka miwili, na mwaka 1801 akawaonyesha wakubwa wa Washington maonyesho yake maarufu ya kuunga bunduki kwa vipande vya kuokoteza. Bunduki za mwisho za mkataba zilifika mwaka 1809. Wataalamu waliokuja kuzifungua bunduki zake katika karne ya 20 walikuta vipande ambavyo havibadilishani, vingine vikiwa na alama za kutambulisha bunduki yake. Whitney alikuwa hodari wa kuiuza ndoto. Aliyeitimiza ni mwingine, na inasikitisha kwamba jina lake halijulikani sana.

John Hall alitoka Portland, Maine, ambako alikuwa akitengeneza mapipa na mashua. Mwaka 1811 alipata hataza ya bunduki inayoshindiliwa kwa nyuma badala ya mdomoni, na mwaka 1819 serikali ikampa karakana Harpers Ferry, Virginia, atengeneze bunduki 1,000. Hapo ndipo alipobuni mambo mawili yaliyoubadilisha ulimwengu wa viwanda. La kwanza: kila kipande kipimwe kuanzia sehemu moja tu ya marejeo. Ukipima tundu la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili, makosa madogo hujumlishana. Ukiyapima yote kutoka mahali pamoja, kosa hubaki dogo. La pili ni geji. Hall alitengeneza geji za chuma kigumu kwa ajili ya kila kipande: seti ya mfanyakazi, seti ya mkaguzi, na seti kuu iliyofungiwa isitumike ila kuzikagua nyingine mbili zilipoanza kulika. Jicho la fundi likatolewa kwenye hukumu. Kipande kiliingia kwenye geji au hakikuingia, basi.

Tume ya serikali ilikwenda kukagua karakana hiyo mwaka 1826. Bunduki zilifunguliwa, vipande vikachanganywa, kisha zikaungwa upya kwenye vitako vipya. Zikakubali. Kufikia mwaka 1834, vipande vya bunduki ya Hall vilivyotengenezwa na Simeon North kule Middletown, Connecticut, vilikaa kwenye bunduki zilizotengenezwa Harpers Ferry. Karakana mbili, mamia ya kilomita baina yao, na chuma kikaelewana.

Mafundi wa zamani hawakushangilia. Walizoea kufanya kazi kwa saa walizotaka na kulipwa kwa kipande walichomaliza, na walijua vizuri kwamba geji ilikuwa imekuja kuchukua thamani ya mikono yao. Harpers Ferry ilikuwa na manung'uniko ya miaka juu ya nidhamu mpya, na Januari 1830 msimamizi wa karakana, Thomas Dunn, alipigwa risasi ofisini na fundi aliyefukuzwa kazi, Ebenezer Cox, ambaye alinyongwa mwaka huo huo. Historia ya viwanda hupenda kutaja mashine na kuwasahau watu hawa. Ufundi wa mtu ulipohamishwa kutoka vidoleni kwenda kwenye kipande cha chuma chenye vipimo, kuna aliyeupoteza.

Waingereza waliamini walipoona. Kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, kiwanda cha Robbins & Lawrence cha Vermont kilileta bunduki sita ambazo vipande vyake vilibadilishana. Mwaka 1854 tume ya Kiingereza ilifika karakana ya Springfield, Massachusetts, ikachagua bunduki kumi, moja ya kila mwaka kuanzia 1844 hadi 1853. Zikafunguliwa, vipande vikachanganywa, na mfanyakazi akaziunga kwa bisibisi tu. Uingereza ikanunua mashine za Kimarekani kwa ajili ya kiwanda chake cha Enfield.

Pwani yetu ilionja matunda ya mabadiliko haya kwa upande wa masalio. Bunduki zilikuwa tayari bidhaa ya Wamarekani huku: mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said ulikuwa na kifungu maalumu kwamba katika kisiwa cha Zanzibar bunduki na baruti ziuzwe kwa serikali peke yake. Majeshi ya Ulaya yalipohamia silaha mpya zilizotoka viwandani, bunduki kuukuu za kushindilia mdomoni zilimiminika Afrika Mashariki. Wahunzi wa bara walizitengeneza zilipoharibika, wakajifunza kuunda magobore yao wenyewe, kila moja na vipimo vyake, sawa na Lancaster ya miaka mia moja nyuma.

Marekani nako masalio ya jeshi ndiyo yaliyozaa mchezo wa nyumbani. Francis Bannerman wa New York alinunua shehena kubwa ya silaha na baruti baada ya vita na Hispania ya mwaka 1898, na kwa kuwa baruti nyingi kiasi hicho haikufaa kukaa mjini, akanunua kisiwa katika mto Hudson mwaka 1900 akajenga humo ghala yenye sura ya ngome. Sheria ya mwaka 1905 ikaruhusu serikali kuuza bunduki za ziada kwa vyama vya walenga shabaha. Kati ya vita viwili vya dunia, vijana walichukua bunduki hizo nzito za kijeshi, wakakata vitako, wakabadilisha mitutu, wakapata bunduki za kuwindia. Waliweza kwa sababu ya Hall. Mpaka leo anayefunga mtutu mpya kwenye bunduki ya komeo huhitaji geji mbili za kupimia chemba: kwa moja komeo lazima lifunge, kwa nyingine lazima likatae. Asiyepima anacheza na uso wake mwenyewe.

Swali lililobaki likawa la kisheria. Ikiwa bunduki ni vipande, bunduki yenyewe ni kipande kipi? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 ilijibu kwamba kila kipande ni silaha, jibu ambalo halikutekelezeka. Kisha Rais Kennedy akauawa mwaka 1963 kwa bunduki ya Kitaliano iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa jina la bandia, na sheria ya mwaka 1968 ikafunga mlango wa posta na kutoa jibu jipya: silaha ni kile kiwiliwili kinachobeba mtambo, nacho ndicho chenye namba. Mtutu, kitako na skrubu vikawa bidhaa za kawaida. Nadhani hakuna uamuzi mwingine uliofungua njia pana hivyo kwa waungaji wa nyumbani, ingawa haukukusudiwa hivyo.

Njia hiyo ilipitiwa hasa na bunduki ya Eugene Stoner, aliyoibuni katika kampuni ya ArmaLite ya California miaka ya 1950. AR-15 ina nusu mbili zinazoshikana kwa pini, na sehemu zake hufungwa bila kuchonga wala kupiga tupa. Colt ilinunua haki zake mwaka 1959. Hataza kuu zilipokwisha muda mwaka 1977, viwanda vingine vikaanza kutengeneza vipande vya vipimo vile vile, na soko la kuchagua na kuunga likakua. Silaha hiyo imetumika katika mauaji ya kutisha shuleni na madukani, na mwandishi wa historia yake hana ruhusa ya kulipita jambo hilo kimya.

Wakati huo huo, wapo waliorudi nyuma kwa hiari. Chama cha kitaifa cha wapenzi wa bunduki za kushindilia mdomoni kilianzishwa mwaka 1933, na Friendship, Indiana, ikawa kitovu cha mashindano yao. Mwaka 1954 Turner Kirkland alifungua Dixie Gun Works huko Union City, Tennessee, akiuza vipande na seti za kuunga gumegume. Kule Williamsburg, Virginia, Wallace Gusler alithibitisha kwamba fundi mmoja bado anaweza kutengeneza bunduki nzima kwa zana za karne ya 18, mtutu, mtambo na skrubu, na filamu ya mwaka 1969 ikamwonyesha akifanya hivyo hatua kwa hatua. Filamu hiyo inafundisha zaidi kuhusu jasho la mafundi wa kale kuliko rafu nzima ya vitabu. Anayenunua seti ya gumegume hana geji ya kumwokoa. Lazima achonge mbao mpaka chuma kilale, na hapo ndipo anapoanza kujua walichokuwa nacho mafundi wa Lancaster.

Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba hata seti isiyokamilika, ikiwa inaweza kugeuzwa silaha kwa urahisi, ihesabiwe silaha, iwe na namba, na mnunuzi akaguliwe. Machi 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kanuni hiyo kwa kura saba dhidi ya mbili. Seti za gumegume hazikuguswa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1968 iliziacha nje bunduki za kushindilia mdomoni pamoja na nakala zake, na mpaka sasa huagizwa kwa posta katika majimbo mengi. Tanzania imechagua kinyume: gobore linahitaji kibali kama silaha nyingine yoyote, na mhunzi anayeliunda bila leseni ana kesi ya kujibu.