William Wallace wa Uskoti: Historia Iko Wapi na Mighani Iko Wapi?

Katika somo la fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kwamba mighani ni masimulizi ya mashujaa walioishi, au wanaoaminiwa na jamii kuwa waliishi. Swali ambalo mwanafunzi makini huuliza mara moja ni hili: je, katika masimulizi hayo kipi kilitokea kweli na kipi kiliongezwa na wasimulizi? Mara nyingi mwalimu hukosa la kujibu, si kwa uvivu, bali kwa sababu ushahidi wa kulinganishia haupo. Kwa Fumo Liyongo, kwa mfano, tunao utenzi wa Muhammad Kijuma wa mwaka 1913 na nyimbo zinazohusishwa na shujaa mwenyewe, lakini hatuna barua yenye muhuri wake.

Makala haya yanachukua mfano wa mbali, yaani William Wallace, shujaa wa Waskoti aliyeuawa mwaka 1305. Tumemchagua kwa sababu hati za wakati wake zipo, ingawa ni chache, na utenzi mrefu uliomkuza nao upo mzima. Tunaweza kuviweka viwili hivyo bega kwa bega. Isitoshe, wanafunzi wengi wanamjua kupitia filamu ya Braveheart ya mwaka 1995, na wengi wao huamini kwamba walichokitazama ni historia.

Tuanze na hali ya nchi. Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti alifariki tarehe 19 Machi 1286 alipoanguka na farasi usiku karibu na Kinghorn. Mjukuu wake Margaret, mtoto aliyekuwa akilelewa Norwe, alifariki mwaka 1290 akiwa safarini kuja kurithi kiti. Wakajitokeza zaidi ya watu kumi wakidai ufalme. Wakuu wa Uskoti wakamwomba Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, awe mwamuzi. Edward alikubali, lakini kwanza aliwataka wadai wote wamtambue yeye kuwa bwana wao. Mwaka 1292 alimpa taji John Balliol, na kuanzia hapo akawa anamwita na kumwamuru kama mtumishi. Balliol alipofanya mapatano na Ufaransa, Edward aliingia Uskoti mwaka 1296, akauteka mji wa Berwick na kuwachinja wakazi wake wengi, akashinda vita vya Dunbar na kumvua Balliol ufalme. Wenye ardhi wakatakiwa kuapa utii, na majina yao yakaandikwa katika orodha iitwayo Ragman Roll.

Hayo yote yamethibitishwa kwa hati. Filamu, hata hivyo, inaanza mwaka 1280 na kudai kwamba mfalme wa Uskoti alikuwa amekwisha kufa na Waingereza wanawanyonga Waskoti ghalani. Mwaka 1280 Alexander alikuwa hai, na nchi hizo mbili hazikuwa zimepigana kwa miongo mingi. Vita havikuwa desturi ya utotoni mwa Wallace. Vilimkuta mtu mzima.

Sasa, Wallace alikuwa nani? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa moja: mwana wa Bwana Malcolm Wallace wa Elderslie. Jibu hilo linatoka kwa mshairi aitwaye Harry Kipofu, aliyetunga utenzi wake mnamo mwaka 1477, takriban miaka 170 baada ya kifo cha shujaa. Lakini ipo barua moja ya tarehe 11 Oktoba 1297, iliyoandikwa kwa Kilatini huko Haddington na kupelekwa kwa wafanyabiashara wa miji ya Lübeck na Hamburg katika Ujerumani, kuwaarifu kwamba bandari za Uskoti ziko huru na biashara inaweza kuendelea. Barua hiyo ilihifadhiwa Lübeck. Muhuri wake una maandishi madogo, na wanahistoria walipoyasoma kwa makini waliona kwamba Wallace anajitambulisha kuwa William mwana wa Alan. Si Malcolm. Upande huo wa muhuri una picha ya upinde na mshale.

Tukirudi kwenye Ragman Roll, tunamkuta Alan Wallace mmoja, mpangaji wa ardhi ya mfalme katika jimbo la Ayrshire. Huenda ndiye baba. Na huyo Malcolm? Taarifa ya jasusi wa Waingereza ya mwaka 1299 inamtaja Bwana Malcolm Wallace kuwa ndugu yake William, aliyekaribia kupigana visu na Bwana mwingine kwa sababu huyo alidai mali ya William, ambaye alikuwa akiondoka nchini bila ruhusa. Hapa tunaona jinsi kumbukumbu ya mdomo inavyofanya kazi. Haikulibuni jina Malcolm, ililisogeza tu kutoka kwa ndugu hadi kwa baba. Walimu wa fasihi simulizi watalitambua jambo hili bila shida.

Jina lenyewe lina faida kwa sisi watu wa lugha. Katika hati anaitwa Wallensis, Walais au le Waleys, maana yake mtu wa Wales. Neno hilo linatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mgeni, ambalo Waingereza waliwapa wenyeji waliowakuta kisiwani. Kwa hiyo shujaa mkuu wa Waskoti ana jina linaloonyesha kwamba ukoo wake ulihesabiwa kuwa wa wageni.

Kitendo chake cha kwanza kinachojulikana kwa hakika ni cha Mei 1297, alipomuua William Heselrig, liwali wa Kiingereza wa Lanark. Hati ya mashtaka yake ya mwaka 1305 inataja mauaji hayo. Zaidi ya hapo, Thomas Gray, askari aliyeandika kitabu cha historia katikati ya karne ya 14, anasimulia kwamba baba yake alikuwapo Lanark usiku huo, akaachwa chini kama maiti, na akaokoka kwa joto la nyumba zilizokuwa zikiungua pande zote mbili. Ni habari kutoka kwa mtoto wa aliyeshuhudia. Ushahidi wa namna hiyo hatuupati kila siku.

Lakini kwa nini alimuua? Utenzi unasema liwali alimuua mke wa Wallace, na filamu ikaichukua habari hiyo na kuizungushia harusi ya siri. Hati za wakati huo hazimtaji mke yeyote. Mwandishi Andrew Wyntoun, mnamo mwaka 1420, anamtaja mwanamke aliyemsaidia Wallace kutoroka na akauawa kwa ajili hiyo. Miaka hamsini baadaye, kwa Harry, amekuwa mke wa ndoa. Jina la Marion Braidfute, ambalo leo limo katika vitabu vya watalii, halionekani katika hati yoyote ya uhai wa Wallace. Hatuwezi kusema mwanamke huyo hakuwapo. Tunachoweza kusema ni kwamba kila alipopita msimulizi mmoja, mwanamke alizidi kuvikwa.

Tarehe 11 Septemba 1297 ndiyo siku iliyomfanya Wallace kuwa Wallace. Jeshi la Waingereza lilitaka kuvuka mto Forth katika mji wa Stirling kwa daraja jembamba la mbao, ambalo wapanda farasi wawili tu waliweza kupita sambamba. Kwa mujibu wa Walter wa Guisborough, mtawa wa Kiingereza, kamanda wao John de Warenne alichelewa kuamka asubuhi hiyo. Shujaa mmoja wa Kiskoti aliyekuwa upande wao aliwashauri wavuke kwenye kivuko cha maji mafupi. Hugh Cressingham, mtunza hazina, akakataa kwa hoja ya gharama. Waskoti wakasubiri sehemu ya jeshi ivuke, wakateremka na kuliziba daraja. Waliokwisha kuvuka waliuawa au walizama mtoni, na Cressingham alikuwa miongoni mwao.

Katika filamu vita hivyo vinapiganwa kwenye uwanja mkavu. Daraja halipo kabisa! Kwa maoni yetu hilo ni kosa kubwa kuliko sketi za tartani, ambazo Waskoti walianza kuzivaa karne kadhaa baadaye, na kuliko rangi ya buluu usoni, inayotokana na habari za makabila ya enzi za Warumi. Ukiliondoa daraja umeondoa akili iliyoshinda vita, na kubaki na ushujaa wa misuli.

Aliyeondolewa pia ni Andrew Moray. Huyu alikuwa kijana wa ukoo mkubwa, aliyeongoza uasi wa kaskazini na kukomboa ngome kadhaa kabla ya kuungana na Wallace. Katika barua ya Lübeck jina lake linatangulia la Wallace. Alijeruhiwa Stirling na akafariki ndani ya miezi michache. Wapo wanahistoria wanaodhani kwamba mpango wa daraja ulikuwa wake, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa kijeshi kuliko mwenzake. Hilo haliwezi kuthibitishwa, lakini barua haitoi nafasi ya kumwita msaidizi. Na jambo jingine: barua hiyo haikuandikwa kwa niaba ya Wallace peke yake, bali kwa jina la viongozi wote wawili wa jeshi la ufalme wa Uskoti na jumuiya ya ufalme huo. Hadi mwisho Wallace alipigania mfalme aliyevuliwa taji, mtu ambaye mighani haina haja naye.

Ngozi ya Cressingham nayo ina hadithi yake. Guisborough anasema Waskoti walimchuna na kugawana vipande vidogovidogo. Kumbukumbu za Lanercost zinasema Wallace aliagiza ukanda mpana wa ngozi hiyo kwa ajili ya upanga wake. Wote wawili wanaandika upande wa Kiingereza, wakiwa na uchungu. Kwamba maiti ilichunwa inaelekea kuwa kweli. Ukanda ni suala jingine, kwa sababu adui naye hutunga mighani.

Majira ya vuli ya mwaka huo Wallace alivuka mpaka na kuteketeza vijiji vya Northumberland na Cumberland. Mashairi ya Waskoti huyapita haya haraka, au huyaita malipizi ya Berwick. Lakini ipo hati ya tarehe 7 Novemba 1297 inayowapa watawa wa Hexham ulinzi wa jeshi lake. Moto na barua ya ulinzi vilitoka katika msafara uleule.

Kabla ya mwisho wa Machi 1298 alikuwa amepewa daraja la shujaa mpanda farasi na cheo cha Mlinzi wa Ufalme. Tarehe 22 Julai Edward mwenyewe alimshinda huko Falkirk, ambako wapiga upinde walizivunja duara za mikuki za Waskoti baada ya wapanda farasi wao kukimbia. Wallace akaacha cheo na kwenda Ufaransa. Barua ya Mfalme Philip wa Nne ya tarehe 7 Novemba 1300, inayowaagiza wajumbe wake mjini Roma wamsaidie Wallace katika shughuli zake kwa Papa, inatuonyesha mtu wa ujumbe na diplomasia, si wa upanga peke yake. Alikamatwa karibu na Glasgow tarehe 3 Agosti 1305 na watu wa Bwana John Menteith, Mskoti mwenzake. Tarehe 23 Agosti alihukumiwa Westminster na kuuawa siku hiyohiyo kwa kunyongwa na kukatwakatwa. Inasimuliwa na waandishi wa wakati huo kwamba alikana kuwa msaliti wa Edward, kwa sababu hakuwahi kuwa raia wake. Kwetu jibu hilo la kisheria, la mtu aliyejua atakufa, lina uzito kuliko ukelele uliotungwa na waandishi wa filamu.

Turudi kwa Harry. Utenzi wake una karibu mistari 12,000, na anadai aliufuata kitabu cha Kilatini cha John Blair, kasisi wa Wallace. Kitabu hicho hakijapata kuonekana. Ndani ya utenzi Wallace anashinda vita huko Biggar ambavyo hakuna hati inayovijua, anafika St Albans, karibu kabisa na London, na huko malkia wa Uingereza anamjia kuomba amani. Tatizo ni kwamba malkia Eleanor alifariki mwaka 1290 na Edward hakuoa tena hadi 1299. Katika miaka ambayo Wallace aliongoza majeshi, Uingereza haikuwa na malkia!

Hata hivyo mwanamke wa kifalme hakufutika. Mwaka 1995 alirudi kwa jina la Isabella, mke wa mwana wa Edward, akiwa mpenzi wa Wallace na amebeba mimba yake. Isabella wa historia alikuwa na umri wa miaka kumi hivi Wallace alipouawa, aliwasili Uingereza mwaka 1308, na mwanawe Edward wa Tatu alizaliwa Novemba 1312. Edward wa Kwanza naye hakufa saa moja na Wallace, kama inavyoonyeshwa, bali Julai 1307. Hata jina la filamu limeazimwa, kwani katika mapokeo ya Waskoti moyo shujaa ni wa Robert Bruce, uliobebwa na James Douglas hadi vitani Hispania mwaka 1330.

Mwaka 1997 sanamu ya Wallace yenye sura ya mwigizaji wa filamu hiyo iliwekwa chini ya mnara wake huko Stirling. Watu waliiharibu mara kadhaa, ikazungushiwa wavu, na baadaye ikaondolewa. Mwaka 2012 barua ya Lübeck na ile ya Mfalme Philip ziliwekwa pamoja katika maonyesho kwenye Bunge la Uskoti mjini Edinburgh. Katika kitini cha somo la mighani tutaweka muhtasari wa barua hiyo ya Lübeck kwa Kiswahili, ili wanafunzi wa mwaka wa pili waisome kabla ya kutazama filamu.