Fahamu jinsi kamba za chuma zinavyotengenezwa

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa mjini anapoingia ndani ya lifti na kubonyeza kitufe cha ghorofa ya 10, ni nadra kukumbuka kwamba uhai wake unaning'inia kwenye kamba chache za chuma, kila moja nyembamba kuliko kidole gumba.

Kamba za aina hiyo ndizo zinazonyanyua makontena bandarini, zege katika majengo marefu na wachimbaji kutoka chini ya migodi.

Kamba ya chuma ilianza kutumika mwaka 1834 katika migodi ya milima ya Harz, nchini Ujerumani. Awali wachimbaji walitegemea kamba za nyuzi za mimea, ambazo zilioza, pamoja na minyororo. Pete moja tu ya mnyororo ilipokatika, mzigo wote ulianguka bila dalili yoyote.

Ofisa wa migodi wa mji wa Clausthal, Wilhelm Albert, alisokota nyuzi 12 za chuma zikawa kamba moja. Uzi mmoja ulipokatika, uliosalia uliendelea kubeba mzigo, na mkaguzi aliweza kuliona tatizo mapema.

Wazo hilo ndilo linaloongoza viwanda hadi leo.

Kazi huanza kwa fito nyembamba za chuma chenye kaboni nyingi. Fito hizo husafishwa kwa tindikali ili kuondoa kutu na magamba, kisha huvutwa bila kupashwa moto kupitia matundu ya vifaa vigumu, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia.

Kadiri uzi unavyovutwa ndivyo unavyokuwa mwembamba, mrefu na wenye nguvu zaidi. Sabuni maalumu ya unga hutumika kupunguza msuguano.

Hata hivyo, chuma kikivutwa kupita kiasi hukakamaa na kuvunjika. Kwa sababu hiyo, hupashwa moto wa zaidi ya nyuzijoto 900 na kupoozwa kwa kipimo, kwa desturi ndani ya risasi iliyoyeyushwa, kabla ya kuvutwa tena. Nyuzi zitakazotumika baharini hupakwa zinki ili zisishike kutu.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Uzi mmoja wa daraja la juu, wenye unene wa milimita 1 tu, unaweza kuhimili takriban kilo 150 kabla ya kukatika.

Baada ya hapo mashine husokota nyuzi kadhaa kuwa msokoto mmoja, na misokoto, mara nyingi 6 au 8, husokotwa kuzunguka kiini. Kamba yenye misokoto 6 ya nyuzi 19 huwa na jumla ya nyuzi 114.

Kiini huweza kuwa cha chuma, plastiki au katani itokanayo na mkonge, zao linalofahamika vyema Tanga. Katani hunyonya mafuta na kuyaachia taratibu kamba inapobanwa, hivyo nyuzi za ndani hazisagani zikiwa kavu.

Kabla ya kuunganishwa, kila msokoto hupewa mkunjo wake ili kamba isifumuke inapokatwa. Mwishowe kipande cha kamba huvutwa kwa mashine hadi kikatike, na nguvu iliyopatikana huandikwa kwenye cheti.

Cheti hicho si karatasi ya mapambo. Septemba 3, 2025, watu 16 walipoteza maisha jijini Lisbon, Ureno, baada ya kamba iliyounganisha mabehewa mawili ya reli ya mlimani ya Glória kuachia. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kuwa kamba hiyo haikuwa imeidhinishwa kwa usafiri wa abiria.

Kwa lifti za abiria zenye kamba tatu au zaidi, viwango vya Ulaya vinataka kila kamba iwe na nguvu isiyopungua mara 12 ya mzigo wake.

Pamoja na nguvu hizo, kamba huchakaa. Nyuzi zilizokatika, kutu, unene uliopungua na misokoto iliyopinda ni dalili kwamba muda wake unakaribia kwisha.

Tofauti na mnyororo, kamba ya chuma hutoa onyo. Wajibu wa mwenye jengo, au mwenye winchi, ni kuhakikisha yupo mtu mwenye ujuzi anayekwenda kulitazama onyo hilo kwa wakati.